Kupima kazi ni njia ya haki: maneno kwa kamati za waliohama na familia zinazowapokea



Tunawashukuru kwa kufika, ninyi mliohama na ninyi mliowafungulia wenzenu milango. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa katika ofisi kubwa: namna shirika linavyosimamia ubora wa kazi yake, na namna linavyojilinganisha na wengine ili lifanye vizuri zaidi. Tumelileta kwenu kwa sababu kazi ikifanywa vibaya, wanaoumia ni ninyi. Tena kazi isiyopimwa huzaa fitina. Huyu anasema maji yanatosha, yule anasema hayatoshi, na hakuna anayeweza kuonyesha ukweli.

Tuanze na mfano wa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Xerox ya Marekani, inayotengeneza mashine za fotokopi, iliona wateja wake wanaiacha. Ilipochunguza, ilikuta Wajapani wanauza mashine zao kwa bei ambayo kwa Xerox ilikuwa ni gharama ya kutengeneza tu. Haikuishia kulalamika. Ililinganisha hatua moja moja za kazi yake na za wenzake. Baadaye ilikwenda hata kwa kampuni ya L.L. Bean, inayouza nguo na viatu, kujifunza jinsi inavyotoa bidhaa ghalani kwa haraka. Hapo tunaona kwamba kujilinganisha si kumwonea jirani wivu. Ni kumwendea na kumwuliza: ninyi mnafanyaje? Na jirani huyo si lazima awe na kazi sawa na yako.

Sasa turudi hapa kwetu Kivu. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mawe ya volkano yalifanya iwe vigumu kuchimba vyoo na hata makaburi. Mashirika mengi yalifika kusaidia, lakini uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mengine hayakuwa na ujuzi wa kutosha, na kwamba hayakupatana vizuri katika kazi. Kutokana na masikitiko hayo, mwaka 1997 mashirika yalianza mpango unaoitwa Sphere, ili kuandika vipimo vya chini ambavyo kila mtu aliyepatwa na maafa anastahili kupata. Kitabu chake kimesahihishwa mara kadhaa, na chapa ya nne ilitoka mwaka 2018. Basi msiseme vipimo hivyo ni mambo ya wageni. Sehemu kubwa ya mzizi wake ni uchungu ulioonekana hapa.

Vipimo hivyo vinasema nini? Maji: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Bomba moja: watu wasiozidi 250. Umbali kutoka nyumbani hadi kwenye maji: usizidi mita 500. Kungoja kwenye foleni: dakika zisizozidi 30. Choo: kimoja kwa watu 20, ingawa siku za kwanza za maafa kinaweza kuwa kimoja kwa watu 50. Nyumba: mita 3.5 za mraba kwa kila mtu.

Mtauliza: sisi tusio na mashine tutapimaje? Chukueni bidoni ya lita 20 na saa ya mkononi. Tuseme bidoni inajaa kwa dakika 4. Hiyo ni lita 5 kwa dakika. Bomba likifunguliwa saa 8 kwa siku, linatoa lita 2,400. Zikigawanywa kwa watu 250, kila mtu anapata lita 9.6, na hapo hatujahesabu muda unaopotea wakati wa kubadilishana mabidoni. Kipimo hakikufikiwa. Lakini sasa mnajua mahali pa kuuliza. Je, tatizo ni nguvu ya maji? Ni masaa ya kufungua? Au ni watu kuzidi? Nguvu ikiongezwa hadi lita 7.5 kwa dakika na bomba likifunguliwa saa 10, watu hao hao wanapata lita 18. Kiongozi anayekwenda kwenye mkutano na hesabu hiyo husikilizwa kuliko anayekwenda na hasira peke yake.

Huo ndio usimamizi wa ubora, na hatua zake ni nne. Mnapanga, mnafanya, mnakagua, kisha mnasahihisha na kuanza tena. Mashirika mengi hupenda hatua mbili za kwanza. Kazi hufa katika ile ya tatu, kwa sababu kukagua kunaonyesha kasoro, na watu huogopa kuonekana wamekosa. Kwa hiyo tunawaomba: anayeleta habari ya kasoro asifukuzwe katika kamati. Huyo ndiye anayewasaidia.

Kuna hatari tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni hesabu ya wastani. Bloki iliyo karibu na tangi inaweza kupata lita 23 kwa mtu, na bloki ya mwisho lita 7. Wastani ni lita 15, na ripoti itasema mambo ni mazuri. Lakini mama wa bloki ya mwisho hanywi wastani. Pimeni kila bloki, na waulizeni wajane, wazee na walemavu.

Ya pili ni kutumikia karatasi. Shirika likisifiwa kwa wingi wa vyoo tu, litajenga vingi. Lakini kama havina mlango wa kufungika wala mwanga, wasichana wataogopa kwenda usiku. Hesabuni vyoo, halafu hesabuni vinavyotumika.

Ya tatu inahusu amani moja kwa moja. Kijiji kinachowapokea waliohama mara nyingi nacho hakina lita 15. Bomba likiwekwa kambini na wenyeji wakabaki na mto, ugomvi hauko mbali. Kipimo kisitumiwe kama ukuta kati ya ndugu. Kamati ya maji iwe na watu wa pande zote mbili, na hesabu zitangazwe mbele ya wote, kwa lugha wanayoielewa.

Tena kumbukeni kwamba msaada haulipiwi. Anayedai pesa, kazi ya bure au mwili wa mtu ili aandike jina kwenye liste anatenda uovu. Shirika lenye ubora lina njia ya siri ya kupokea malalamiko, nalo linajibu. Mkitaka kulilinganisha na lingine, msianzie kwenye wingi wa magari yake. Ulizeni: lilipokea malalamiko mangapi, na lilisahihisha nini?

Mwezi wa Februari 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjwa. Watu wakatawanyika, wengine wakirudi vijijini walikokuta nyumba zimeharibika, wengine wakiingia kwa familia ambazo nazo zina shida. Katika hali hiyo ni rahisi mtu asihesabiwe popote. Ndiyo maana tunasema kazi ya kupima haikuisha pamoja na kambi. Kwenye kijiji, kwenye kituo cha afya, kwenye shule inayolaza familia, swali ni lile lile: wako wangapi, wanapata nini, nani amebaki nyuma?

Wapendwa, tunawaomba kila kamati ifanye jambo moja kabla ya mwezi kwisha. Chagueni chanzo kimoja cha maji, pimeni kwa siku 3, andikeni kwenye daftari. Halafu tembeleeni kamati ya jirani, mlinganishe madaftari, mjifunze mmoja kwa mwingine. Na sisi mashirika tupimeni hivyo hivyo. Mkituonyesha mahali tulipopungua, mnatusaidia kuwatumikia vizuri zaidi.