Nabii Aliyeigiza

Somo: Ezekieli 4:1-17



Katika kitabu cha Ezekieli, sura ya nne, Mungu anampa nabii wake kazi ya ajabu. Anamwambia atwae tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzungushie maboma ya vita, kisha aweke kikaango cha chuma kiwe kama ukuta. Alale kwa ubavu mmoja siku 390, na kwa ubavu wa pili siku 40. Tena chakula chake akile kwa mizani, na maji ayanywe kwa kipimo, watu wakimwona. Ndugu zangu, huo ni mchezo wa kuigiza. Mwili wa nabii ndio mahubiri.

(Mara nyingi tukitaka kutetea ngoma tunamkimbilia Mfalme Daudi. Leo tumwache apumzike.)

Nayasema haya kwa sababu ya mafunzo ya maigizo, nyimbo na ngoma waliyofanyiwa watoto wa shule za msingi, wengine wa Kitui, wengine wa Makueni, kutoka pande mbili za mto Athi. Yalikuwa ya siku moja tu, maana fedha za basi hazikutosha siku mbili. Asubuhi mwalimu wao aliwaambia wavue viatu, akawapanga duara, akawafundisha kupumua, kutembea kama mzee, kutembea kama mtu mwenye mzigo kichwani. Kisha ngoma ikapigwa, na mabega ya watoto yakaanza kutikisika jinsi mabega ya Wakamba yajuavyo.

Hapo mzee mmoja wa kanisa akanivuta kando. "Kasisi," akasema, "haya si ndiyo tuliyoyaacha tulipobatizwa?"

Swali lake si la kudharauliwa. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, na tangu siku za wamisheni Wakristo wengi wa Ukambani walifundishwa kukaa mbali na ngoma za jadi. Tena ngoma ya kilumi haikuwa mchezo mtupu. Ilipigwa kwa ajili ya aimu, yaani mizimu, watu wakitafuta uponyaji na mvua. Wazee wetu walijua walichokuwa wakikiacha. Nikamjibu, "Mzee, hata ngoma tunayopiga kanisani Jumapili imewambwa kwa ngozi kama hii. Tuulize inapigiwa nani." Akanyamaza, lakini hakuondoka.

Mchana mwalimu akawagawa katika makundi, akawaambia, "Igizeni asubuhi ya nyumbani kwenu." Hawakupewa mavazi, ila leso chache na mitungi mitupu.

Kundi moja lilionyesha msichana akiamshwa saa kumi alfajiri. Anateremka na mama yake mtoni. Mto ni mkavu. Wanachimba mchanga, wanangoja maji yajikusanye, wanateka kikombe kwa kikombe. Hapakuwa na maji wala kikombe, lakini mtoto yule aliteka kwa subira hata sisi tukaanza kuhesabu. Watu walicheka, kwa kuwa punda wao, wavulana wawili chini ya leso, alikuwa mkaidi kweli kweli. Kisha msichana akafika shuleni amechelewa, na mtoto aliyeigiza mwalimu akamwamuru asimame nje ya darasa mpaka saa nne. Kicheko kikaisha.

Mwalimu mkuu mmoja alikuwa ameketi mbele. Akainuka, nami nikadhani atakemea. Akauliza, "Ni wangapi kati yenu huenda mtoni kabla ya kuja shule?" Mikono mingi ikainuliwa, hata ya watoto ambao hawakuwa katika kundi lile. Akaketi.

Wako wazazi wasemao kwamba siku kama hiyo ni kupoteza masomo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019, umezipa sanaa nafasi yake, lakini hoja yangu si hiyo. Mtoto yule asingeweza kumwendea mwalimu wake na kumwambia, "Unaniadhibu kwa kosa lisilo langu." Adabu zetu hazimruhusu. Mchezo ulimfungulia mlango.

Hatari iliyobaki ni yetu sisi watazamaji. Someni Ezekieli 33:31-32. Watu wanakuja, wanaketi mbele ya nabii, wanampendeza masikio yao kama mwimbaji hodari wa sauti nzuri. Wanasikia, hawatendi. Nasi siku ile tulipiga makofi mengi sana.

Makanisa yetu mengi yamejengwa karibu na shule, na mapaa yake ni ya mabati. Mvua ya Novemba huanguka juu ya mabati hayo, ikamwagika chini na kwenda zake. Wazee wa kanisa, katika mkutano wenu ujao ulizieni bei ya mifereji ya paa na tangi, kabla ya kununua kipaza sauti kipya. Nawe mwalimu, mtoto akichelewa kesho, muulize kwanza ametoka wapi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyezipokea sifa za watoto hekaluni wakuu wa makuhani walipokasirika, wabariki watoto wa Kitui na Makueni. Ubariki miguu yao alfajiri njiani. Uwape maji. Amina.