Hina, piko na dawa ya malaria: tahadhari kutoka Johannesburg

Kila mwezi mtukufu wa Ramadhani unapokaribia ukingoni, vitongoji vya Fordsburg na Mayfair, magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg, huwa na shamrashamra za Idi. Wanawake wenye asili ya Kihindi, Wasomali na wageni wengine kutoka Afrika Mashariki huketi wakiwa wamenyoosha mikono, wakingoja hina ikauke. Aliyelelewa Unguja, Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa jambo hilo. Wala si mgeni wa kauli inayoandamana nalo: hina ni jani tu, haina madhara. Kauli hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote.

Rangi ya jani la hina hutokana na kemikali iitwayo losoni, ambayo ni ya jamii ya naftokwinoni. Losoni hushikamana na protini iliyomo katika ngozi, kucha na nywele. Mwanzo huacha rangi ya machungwa, kisha baada ya siku moja au mbili rangi hiyo hukolea na kuwa ya hudhurungi. Mzio wa ngozi unaosababishwa na losoni yenyewe ni nadra.

Tatizo huanza pale mtu anapotaka weusi upesi. Hapo hutumika piko, yaani rangi nyeusi ya nywele, ama peke yake au ikichanganywa na hina. Rangi hizo aghalabu huwa na kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama PPD. Hiyo si naftokwinoni, na haitoki katika jani la mhina. Ngozi iliyokwisha kuikataa huweza kuvimba na kutoa malengelenge yanayofuata ua lile lile lililochorwa, na pengine kovu hubaki. Mzio huo ukishaingia mwilini haumtoki mtu: miaka kadhaa baadaye, rangi ya kawaida ya saluni yaweza kumvimbisha uso. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum, nchini Sudan, walieleza hali ya watoto waliodhurika kwa sumu ya mchanganyiko wa hina na PPD. Sumu hiyo huvimbisha shingo na koo hata pumzi ikazibwa, na huharibu figo.

Hata hivyo, hina safi nayo ina watu wa kuiogopa. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, ukiwemo mwambao wa Afrika Mashariki, na huwaathiri zaidi wavulana. Losoni ikipenya katika ngozi laini ya mtoto kama huyo, chembe zake za damu huweza kupasuka kwa wingi. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, Archives of Disease in Childhood, lilichapisha habari za watoto wanne wenye upungufu huo ambao maisha yao yalikuwa hatarini baada ya kupakwa hina. Mama aliyempamba mwanawe mchanga kwa mapenzi hawezi kuuona upungufu huo kwa macho.

Jamii hiyo ya naftokwinoni haiishii kwenye mapambo. Johannesburg imo nyanda za juu na haina maambukizi ya malaria, lakini wakazi wake husafiri kwenda Limpopo, Mpumalanga na Msumbiji. Miongoni mwa vidonge vya kinga wanavyoandikiwa ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, na atovakwoni ni naftokwinoni pia. Wengi huvivumilia vizuri. Baadhi hupata maumivu ya tumbo, kichefuchefu au kuumwa kichwa, na kuvimeza pamoja na chakula husaidia. Vipele vinavyoenea, vidonda mdomoni, uvimbe wa uso au pumzi kubana ni nadra, lakini ni sababu ya kumwona daktari bila kuchelewa. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo hapaswi kuvitumia kama kinga.

Kwa hiyo, swali la kumuuliza mpambaji si bei peke yake, bali pia kilichomo ndani ya rangi. Hina inayotoa weusi ndani ya muda mfupi si hina tupu. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, wala yeyote anayejulikana kuwa na upungufu wa G6PD. Mtoto aliyepakwa akibadilika macho kuwa ya njano, akatoa mkojo mweusi au akalegea, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba alipakwa hina. Neno hilo moja laweza kumwokoa, maana asiyeambiwa hatalikisia.

Pambo ni la siku chache, wasikilizaji, na afya ndiyo ya kudumu.