Kipima Mwanga Hakijui Joho

Walimu, wazazi mliotoka Mlimba, Mang'ula na ng'ambo ya mto, na ninyi wahitimu wa upigaji picha! Wazazi mtaniwia radhi, leo nitasema zaidi na hawa wenye kamera shingoni.

Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa hapahapa Ifakara, chini ya mwembe, enzi za filamu. Shela nyeupe ilijaa kwenye lenzi. Nikazungusha mpaka mshale ukatulia katikati, nikabonyeza. Picha ziliposafishwa, shela ilikuwa rangi ya jivu na uso wa bibi harusi kiza kitupu. Mama yake alizitazama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu ndiye tuliyemwoza?"

Mshale haukuwa mbovu. Kipima mwanga cha kamera hakipimi mwanga unaoshuka; kinapima unaorudi kutoka kwenye kitu, na kila kitu hukichukulia kuwa cha kijivu, kinachorudisha kama asilimia 18. Ukikionyesha cheupe, kinataka upunguze. Cheusi, uongeze.

Nendeni mashamba ya mpunga mkaone. Yangeyange akijaa kwenye fremu, mshale ukiwa kwenye sifuri, anatoka kama aliyegaagaa jivuni. Fungua stopu moja au zaidi. Ndege huyohuyo akiwa mbali, mdogo, katikati ya tope jeusi, kamera inalisikiliza tope, na yeye anabaki doa jeupe lisilo na unyoya. Hapo unabana. Ndege mmoja, jua lilelile, makosa mawili yanayopingana!

Ndiyo maana nawahimiza mpange shata na tundu la lenzi wenyewe. Ukishalipima jua, tulia nalo. Halibadiliki kwa kuwa mwenye shati jeupe amepita mbele yako.

Mimi natumia kiganja. Nakinyoosha kwenye mwanga uleule unaompiga mtu wangu, kinajaa kwenye lenzi, nasoma. Nikiambiwa 1/500 kwa f/8, naweka 1/250, maana kiganja, hata chetu sisi weusi, hurudisha takriban maradufu ya kile kijivu.

Sasa jitazameni. Majoho meusi tii, safu kwa safu. Kamera itataka kuyafanya ya kijivu, na nyuso zenu zitaungua. Wazazi waliolipa ada wanataka nyuso. Haya, nyoosheni viganja, mpime upesi. Jua likishaingia nyuma ya Udzungwa mtaanza upya.