Tafuta Kikao Chako Kabla ya Idd



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu kijana, leo sisemi na yule asiyekunywa. Nasema na wewe uliyevunja jungu kwa chupa, mwezi ulipoandama ukaacha, na sasa tumeingia kumi la mwisho hujagusa. Mashaallah. Lakini Idd unaihesabu kwa hofu, maana mwaka jana ilikuwa hivi hivi: Idd Mosi asubuhi uko kwenye sala na kanzu mpya, magharibi uko mangweni.

Jiulize, ilikuwaje ukamudu mwezi mzima ukashindwa na siku moja? Wengi watakwambia ni imani ndogo. Mimi siafiki. Mwezi huu hukuwa peke yako. Mama alikuamsha daku, mchana hapana aliyekukaribisha, usiku ulisimama tarawehe bega kwa bega na wenzako. Idd ikiingia kila mtu hushika njia yake, nawe unabaki na wale wale wa zamani. Kilichokuondokea ni jamaa ya watu wa kukushika mkono.

Jamaa hiyo ipo. Kuna vikao vya watu wanaoacha pombe, na vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, yaani AA. Vilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa walevi wawili, mmoja wao daktari, walioona kwamba wakikaa pamoja wakazungumza ukweli, kiu inashindikana kuwatawala. Hapa Kenya vipo, Nairobi na Mombasa, na tangu korona ya 2020 vingi pia hufanyika kwa intaneti. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Jina lako la kwanza latosha, na ukisema "leo nasikiliza tu", basi. Usihukumu kwa kikao kimoja. Nenda mara kadhaa, kisha umuombe mmoja aliyeacha zamani nambari yake ya simu. Hiyo nambari ndiyo utakayoihitaji Idd Mosi jioni.

Hujui pa kuanzia? Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, uulize vikao vilivyo karibu nawe. Walio Mombasa wanaweza pia kuuliza MEWA, jumuiya ya Kiislamu yenye kituo cha kutibu waraibu.

Hapa nisimame kidogo, maana ni jambo la uhai. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla anaweza kuugua: kutetemeka, jasho, kutapika, na katika siku 2 au 3 za mwanzo hata kuanguka kifafa au kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Jamani, msikimbilie kusema ni jini mkamfungia chumbani na kombe. Mpelekeni hospitali, dua mtaisoma njiani. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula, akalipa baadaye.

Utasema, "Lakini vikao vyenyewe viko ukumbi wa kanisa!" Vingi ndivyo, kwa sababu ukumbi hukodishwa rahisi. AA yenyewe si ya dini yoyote. Wakisoma dua yao, wewe nyamaza au omba yako moyoni. Waislamu wenzetu wa Baltimore, Marekani, walianzisha mwaka 1989 vikao viitwavyo Millati Islami, wakazipanga zile hatua 12 za AA juu ya misingi ya Uislamu. Nasi misikiti yetu ina vyumba vya madrasa vinavyokaa vitupu usiku. Kamati zinasubiri nini?

Wengine huuliza: je, kusema kikaoni si kufichua dhambi aliyoisitiri Allah? Ni swali zuri. Mtume (S.A.W.) aliwakemea wanaojitangazia maovu yao. Lakini anayejitangaza hutamba; wewe unaeleza ugonjwa mbele ya wanaoujua, na kinachosemwa mle hakitolewi nje. Huna haja ya kutaja kila ulilolifanya. Ukiwa na wasiwasi, muulize sheikh unayemwamini.

Nanyi mnaomjua mlevi, kumbukeni kisa alichopokea Bukhari cha sahaba aliyeitwa Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Aliletwa mara nyingi kwa ajili ya ulevi, akaadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba yule bwana anampenda Allah na Mtume wake. Sisi tunamsogezea mwenzetu kiti mbali msikitini kwa harufu ya jana, kisha tunashangaa haji tena!

Mama, dada, mke: mnaweza kumsindikiza hadi mlangoni, mkamngoja. Msimpekue akirudi, wala msimuulize kimesemwa nini. Kuna vikao vya jamaa wa walevi pia, Al-Anon, tangu 1951; ulizieni, maana nanyi mmechoka.

Basi ndugu yangu, usiku huu baada ya tarawehe piga simu. Uliza siku, saa na mahali pa kikao cha kwanza baada ya Idd, na nani utampigia Idd yenyewe. Andika kwenye karatasi, utie mfuko wa ile kanzu mpya.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.