Shamba ni Amana: Tulime Bila Kuwalisha Wenzetu Sumu

(Mazungumzo na vijana wa Kiislamu, Kakamega)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. 

Nimeombwa nizungumze juu ya kilimo. Najua wengine mnanong'ona, "Ramadhani hii, badala ya fadhila za funga, mzee anatuletea habari za samadi!" Nivumilieni. Tutakachofuturia leo kimetoka udongoni, na namna kilivyopatikana tutaulizwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka iliyopita nilikuwa nikilima sukuma wiki ya kuuza. Wadudu wakiingia, napiga dawa. Kwenye chupa imeandikwa wazi usivune mpaka siku kadhaa zipite. Lakini siku ya soko haingoji, na karo haingoji. Nilikuwa napiga jioni, keshokutwa asubuhi navuna. Na nyumbani je? Nyumbani nilikuwa na mistari miwili nyuma ya jiko isiyoguswa na dawa. Hiyo ndiyo tuliyokula sisi.

Siku moja ya Ramadhani jirani akanialika futari. Baada ya tende na uji ukaja ugali na sukuma. Mama mwenye nyumba akasema kwa furaha, "Mwalimu, hii ni ya shambani kwako, nimeinunua leo sokoni." Watoto wake wadogo walikuwa wameshaanza kula. Ndugu zangu, tonge lile lilikataa kushuka. Nilimkumbuka Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta ndani imelowa, akamwonya muuzaji kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Nafaka ile ilikuwa imelowa mvua tu. Mboga yangu ilikuwa na sumu, na mimi nilijua.

Baada ya tarawehe nilimweleza jirani ukweli, nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu. Alinisamehe, lakini mkewe hakununua mboga kwangu msimu mzima. Nilistahili.

Ndipo nikaanza kujifunza upya. Shamba langu ni nusu ekari tu, kama wengi wenu hapa, maana ardhi yetu imegawanywa baba kwa mwana mpaka imebaki vipande. Ndugu zetu wa Mumias waliegemea miwa tangu kiwanda kilipoanza mwaka 1973. Mpaka kinawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wengi walikuwa wameshaonja hasara ya kutegemea zao moja. Kilimo mseto ni kinyume chake: ng'ombe anakula matete, samadi yake inaingia kwenye mboji, mboji inalisha mahindi na mboga, na mabaki yanarudi kwa ng'ombe na kuku. Hakitupwi kitu.

Kwanza, udongo. Hapa Kakamega mvua ni nyingi, nayo huosha rutuba na kuufanya udongo uwe na asidi. Mbolea ya DAP mwaka nenda mwaka rudi huzidisha hali hiyo. Pima udongo, na ikibidi weka chokaa ya kilimo. Kisha tengeneza mboji. Chagua mahali penye kivuli, tandika mabua makavu, juu yake majani mabichi, kisha samadi, majivu kidogo na udongo wa juu, nyunyiza maji, rudia tena. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi imeiva. Na lile ua la njano la kando ya barabara, tithonia, tunalolifyeka na kulitupa, majani yake ni mbolea nzuri mno. Yakate, yachanganye na udongo kabla ya kupanda.

Pili, mahindi. Adui zetu ni kayongo na funza wa mabua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE kule Mbita, pamoja na wenzao wa KARI na wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza njia iitwayo sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu. Harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza, na mizizi yake huizuia kayongo. Pembeni mwa shamba unapanda matete au brakiaria, yanayowavuta nondo wale. Zote mbili ni lishe ya ng'ombe. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, njia hii imeonekana kupunguza madhara yao pia.

Tatu, mboga na kuku. Msidharau mrenda, mitoo, saga, managu na kunde. Ziko sokoni na zinazoea ardhi yetu. Sukuma ichanganye na vitunguu, na kagua majani kila asubuhi uwatoe wadudu kwa mkono. Ingokho hamhitaji kufundishwa! Ila samadi ya kuku ni kali, iache ioze kwanza isije ikachoma miche.

Sitawaficha: msimu wa kwanza mavuno yangu yalipungua. Desmodiamu huanza polepole, na usipopalilia vizuri magugu huishinda. Inataka subira, na subira ndiyo tunayoifundishwa mwezi huu.

Jambo la mwisho ni zaka. Katika Suratul An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu anaamuru haki ya mazao itolewe siku ya kuvuna, na anakataza israfu. Nafaka iliyooteshwa na mvua ikifika wasaki tano, ambazo maulamaa wengi wanazikadiria kuwa karibu kilo 650, yaani gunia saba na kidogo za kilo 90, hutolewa sehemu moja ya kumi. Iliyomwagiliwa kwa gharama ni nusu ya hiyo. Usipofikia kiwango hicho, gorogoro moja kwa jirani ni sadaka.

Kijana, usiseme huna kazi na nyuma ya nyumba kuna kipande kimelala. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, akila ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake. Basi anza na mboji. Ukiipanga mwanzoni mwa Ramadhani, inshaallah itaiva karibu na Idi ya kuchinja. Na ukivuna, mboga unayompelekea jirani iwe ileile unayowapa wanao.

Ewe Mola, tubariki katika ardhi yetu, uturuzuku halali na utukubalie funga zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.