Mwalimu wa Watu Walioachwa Nje

Wazee wetu na mama zetu wa darasa la Sakina, fungueni madaftari. Barabara ile ipitayo hapo kwenu huenda Namanga, ikaingia Kenya. Leo tutaifuata kwa mawazo, tuendelee mpaka pwani, katika kisiwa cha Lamu.

Katika dini nyingi wamekuwako walimu waliotafuta kumkaribia Mungu kwa sala na kwa siri za moyo. Wayahudi humkumbuka Isaac Luria, aliyefundisha katika mji wa Safed akafa mwaka 1572. Waislamu wa pwani yetu humkumbuka Habib Saleh. Habari zake ndizo somo letu.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija, katikati ya karne ya 19. Alikwenda Lamu angali kijana, akasoma kwa mashehe wa huko. Alikuwa sharifu, yaani mtu wa ukoo wa Mtume. Angeweza kukaa na wakubwa tu, akala heshima yake.

Lakini siku zile Lamu palikuwa na watumwa. Katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Elimu ya juu ya dini ilikuwa ya watoto wa mabwana. Habib Saleh akawafundisha watumwa, watu walioachwa huru, na wageni maskini. Baadhi ya wakubwa walichukizwa. Yeye hakuacha.

Je, asiyejua herufi alianzaje? Alianza kwa sikio. Katika Maulidi watu waliimba sifa za Mtume, na matari yakapigwa. Wengine walisema matari hayafai msikitini. Habib Saleh aliona kuwa aliyevutwa na sauti ataweza kuvutwa na kitabu.

Karibu na mwaka 1900 msikiti wa Riyadha ulijengwa, pamoja na chuo. Habib Saleh alifariki mwaka 1935. Hata leo, kila mwaka, wageni wengi huenda Lamu kwa Maulidi.

Ndugu zangu, nanyi mmeanza kwa sikio, mkisikiliza redio. Sasa someni maneno haya kwa macho yenu. Na mtu akikuambia kwamba kusoma si kwa watu kama wewe, mweleze habari za Lamu.

Maswali:
1. Habib Saleh alizaliwa wapi?
2. Aliwafundisha watu gani?
3. Kwa nini baadhi ya wakubwa walichukizwa?

Andikeni majibu, mmwonyeshe mwalimu wenu.