Kabla ya Masoko Kufunguliwa: Huduma za Kunusuru Familia za Wakulima wa Tumbaku Tabora



Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla mahakama haijapokea shauri la talaka. Zipo hali zilizosamehewa, kwa mfano mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko. Nia ni njema. Ila sote humu tunajua baraza hilo linavyotumika: mtu anafika ameshafungasha vyombo, anachotaka ni hati tu kwamba usuluhishi umeshindikana.

Mkoa huu wa Tabora si mgeni wa familia kutengana. Karne ya 19 Wanyamwezi walipagaa pembe za ndovu hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Reli ilipofika mwaka 1912, vijana wengine baadaye waliifuata kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Mke alibaki na shamba, wakwe na majirani, na nyumba ikasimama. Lakini tusiipambe historia: mashamba mengi ya Unyanyembe, hapa hapa Tabora, yalilimwa na watumwa, ambao familia zao zilikuwa zimeshavunjwa njiani.

Siku hizi Urambo, Kaliua na Sikonge mume haendi mbali. Ugomvi una msimu wake. Mama na watoto wanachuma majani ya tumbaku, wanayatunga, wanakesha kwenye bani wakichochea moto, wanapanga madaraja. Marobota yakishauzwa, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, inakata deni la pembejeo, na kinachobaki kinaingia kwenye akaunti yenye jina moja, mara nyingi la baba. Mama hajui deni lilikuwa kiasi gani wala bei ilikuwaje. Baba akirudi na pikipiki, au asirudi kwa wiki mbili, mama anahesabu miezi aliyoinamia matuta. Wengi tunaita hali hii ulevi au tamaa ya mke wa pili. Kwa maoni yangu chanzo ni hesabu iliyofichwa. Ulevi unakuja juu yake.

Basi huduma zetu ziwahi. Kabla ya masoko, afisa ustawi wa jamii akae na viongozi wa AMCOS, na kila mkulima aje na mwenzake wasomewe wote wawili makisio ya deni na mavuno. Mahitaji ya shule, chakula cha mwaka na mtaji wa mama vitajwe hapo hapo, mbele ya mashahidi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vimsaidie mama kuwa na chake. Kwa kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambako mpokeaji mara nyingi ni mama, kazi hiyo ina pa kuanzia.

Wala simaanishi kila ndoa ishikiliwe. Penye kipigo hakuna cha kusuluhisha. Hiyo ni kazi ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mjumbe wa baraza anayemrudisha mama nyumbani akavumilie anavunja familia kwa mikono yake mwenyewe.

Mtauliza usafiri, maana afisa mmoja ana kata nyingi na pikipiki haina mafuta. Maafisa ugani wa kampuni za tumbaku huzunguka vijijini msimu mzima kukagua mashamba. Naomba semina hii iziandikie kampuni hizo barua, ili tusafiri nao.